Namba 350 kwenye bodi ya nyuma

Fundi aliinua kiti cha abiria, akafungua kifuniko cha bati kilicho chini yake, na harufu ya oili iliyoungua ikatupiga usoni. Nikamulika kwa tochi ya simu. Kwenye mdomo wa kujazia oili kulikuwa na ute mweupe, mzito, kama chai ya maziwa iliyoachwa ikapoa hadi ikafunga utando. Mzee yule hakusema neno. Alichovya kidole, akausugua ute ule kwa dole gumba, akanusa, kisha akanigeukia.

"Mama, jana mlipakia gunia ngapi?"

"Sita, mzee."

"Za kipimo au lumbesa?"

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva wangu, akatazama chini. Hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyesimama Kibaigwa nikaamua kwamba gunia zote sita za mahindi zipande kwenye kirikuu kwa safari moja. Yeye aliniambia mara mbili, "Shangazi, gari imelala," kwa sababu springi za nyuma zilikuwa zimebonyea mpaka tairi zinakaribia kugusa bodi. Nikamjibu kwamba wenzetu wanapakia nane na wanafika.

Sisi hatukufika. Ilikuwa Agosti 2018, saa kumi jioni, upepo wa Dodoma ukiwa unapuliza vumbi kutoka mashariki. Mbande tulipita salama. Kabla ya Chamwino mshale wa joto ukapanda, mvuke ukaanza kutoka chini ya viti vyetu, na sakafu ikawa ya moto kiasi kwamba nilikunja miguu. Tukasimama. Tukaomba dumu la maji kwenye nyumba iliyokuwa karibu, tukasubiri nusu saa, tukajaza, tukaondoka. Baada ya kilomita chache tukasimama tena. Mara ya tatu injini ilianza kugonga, kok, kok, kok, kama mtu anayetwanga ndani ya pipa tupu, halafu ikanyamaza. Tuliburutwa kwa kamba mpaka mjini.

Kwa msomaji asiyetoka Tanzania, kirikuu ndilo jina tulilolipa gari dogo la mizigo aina ya Suzuki Carry. Simama Soko la Majengo asubuhi uyahesabu: yanaleta nyanya, yanaondoka na mchele, yanabeba makochi, magodoro, mbuzi, wapiga ngoma wa harusi pamoja na spika zao. Mimi nililinunua langu mwaka 2017. Mwaka mmoja nyuma, Julai 2016, Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na kuanzia hapo mji ukawa unahama na kuhamiwa kwa wakati mmoja. Kila mtumishi aliyeshuka kutoka Dar es Salaam alihitaji mtu wa kumbebea vyombo. Kila kiwanja kilichopimwa Nzuguni na Ihumwa kilihitaji saruji na tofali. Nilikuwa nikiuza zabibu na karanga, nusu ya faida yangu ikiishia kwa wenye magari. Nikatoa akiba yangu, nikachukua mkopo mdogo kwenye kikundi chetu cha akina mama, nikanunua kirikuu ya mwaka 2005 iliyotoka Japani, nyeupe, ikiwa bado na maandishi yake ya kigeni kwenye milango.

Miezi kumi na minne tu nikawa nimeiua injini.

Gharama ya injini nyingine nitaisema kwa ufupi kwa sababu hata sasa inaniuma: ilinichukua misimu miwili ya zabibu kuirudisha. Kilichonikaa zaidi ni jambo lililotokea pale gereji siku ya tatu. Mdogo wake dereva wangu, binti anayesoma sekondari, alinifuata kuniletea chakula. Wakati tunasubiri alikuwa akizunguka gari na simu yake, akipiga picha yale maandishi ya Kijapani ili simu imtafsirie. Ya mlangoni yalikuwa jina la duka la huko na namba ya simu. Akaenda nyuma. Kwenye bodi ya nyuma, ile inayoshushwa wakati wa kupakia, kulikuwa na herufi tano nyeusi na namba 350 ikifuatiwa na kg. Nilikuwa nimeziona herufi hizo kila siku tangu gari lilipotoka bandarini. Nilidhani ni aina ya gari, kama vile mtu anavyoandika GX au XL.

"Shangazi," akasema, "inasema uzito wa juu kabisa wa mzigo ni kilo 350."

Nikakaa kwenye tairi lililokuwa chini. Gunia la kipimo halali ni kilo 100. Gunia sita zisizo na kilemba ni kilo 600, na zetu zilikuwa lumbesa, zenye vilemba, zimeshonewa juu kwa kamba mpaka zinafanana na mtu aliyejitwisha mzigo kichwani. Lumbesa imepigwa marufuku kisheria kwa sababu inamwibia mkulima, hilo nilikuwa nalijua na nilishawahi kulisemea kwa hasira kwenye mkutano wa kijiji. Sikuwahi kuwaza kwamba inaliibia na gari. Na mwenye gari lile alikuwa ameniandikia kipimo chake mahali ambapo kila anayepakia lazima akione, kwa lugha ambayo sikuiuliza maana yake.

Tangu siku ile nilianza kutaka kujua hawa waliolitengeneza ni watu gani. Nilisoma taratibu, jioni baada ya hesabu, kwa miezi. Nilichokikuta kilinigusa kwa namna ambayo sikuitegemea, kwa sababu habari ya kampuni ile inaanza kwa mama mfumaji.

Michio Suzuki alizaliwa mwaka 1887 karibu na Hamamatsu, katikati ya Japani kwenye pwani ya Pasifiki, eneo la wakulima wa pamba na wafumaji wa vitambaa. Alifundishwa useremala tangu akiwa kijana mdogo. Mwaka 1908 alimtengenezea mama yake kitanda cha mfumi cha mbao kinachoendeshwa kwa miguu, ili mama asichoke kama alivyokuwa akichoka. Majirani wakakiona, wakataka na wao. Mwaka 1909 akafungua karakana yake ya vitanda vya mfumi, na mwaka 1920 ikawa kampuni kamili. Kwa zaidi ya miaka thelathini jina Suzuki lilimaanisha mashine ya kufumia nguo. Alifikiria magari mapema, mwaka 1937 akaanza majaribio, hata akanunua gari dogo la Kiingereza, Austin Seven, alifungue na kulisoma. Vita ikaja ikafunga habari hiyo.

Baada ya vita walirudi kwenye mfumi kwa muda, hadi mwaka 1951 soko la pamba lilipoanguka. Hapo ndipo panaponifanya niwaheshimu. Kiwanda kilikuwa na mafundi, kilikuwa na mashine za kukata chuma, na hakikuwa na mnunuzi. Inasimuliwa kwamba Shunzo Suzuki, mkwe wa mzee Michio, alikuwa akienda kuvua samaki kwa baiskeli, akapambana na upepo wa mbele mpaka akajiuliza kwa nini baiskeli isisaidiwe na injini ndogo. Mtu wa Dodoma haelezwi maana ya upepo wa mbele. Anayeendesha baiskeli kutoka Mpunguzi kuja mjini mwezi wa Julai, na kreti mbili za zabibu nyuma, analijua swali la Shunzo kwa magoti yake. Mwaka 1952 wakatoa injini ya sentimita za ujazo 36 ya kufungwa kwenye baiskeli. Mwaka 1954 kampuni ikabadilisha jina na kuwa ya vyombo vya moto. Mwaka 1955 likatoka gari lao la kwanza, Suzulight, lenye injini ya 360.

Udogo ule ulitokana na sheria. Serikali ya Japani iliweka daraja maalumu la magari madogo, wanayaita kei, yenye ukomo wa ukubwa wa bodi na wa injini, na mwenye nalo hutozwa kodi nafuu. Lengo lilikuwa kuwasaidia wenye duka dogo na wakulima kumudu gari baada ya vita. Ukomo wa injini ulianza chini zaidi, ukafika 360 mwaka 1955, baadaye ukawa 550, na tangu mwaka 1990 ni 660. Bodi isizidi urefu wa mita 3.40 na upana wa mita 1.48. Kwa hiyo mhandisi wa gari langu hakuwa na ruhusa ya kuongeza hata kidole kimoja. Injini yangu ina sentimita za ujazo 658. Ujazo huo haujazi hata chupa mbili za soda za mililita 350. Kila nikiliwaza hilo nakumbuka gunia zile sita nikaona haya.

Carry yenyewe ilizaliwa Oktoba 1961. Injini yake ilikuwa na mapigo mawili, silinda mbili, nguvu za farasi 21, na ilikaa chini ya kiti cha mbele. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwa furaha, maana ndipo alipoinua kiti mzee wetu. Tangu mwanzo waliweka injini chini ya makalio ya dereva ili sehemu yote ya nyuma ibaki ya mzigo. Ni akili ya mtu anayejua kwamba mwenye gari dogo analipwa kwa nafasi ya nyuma, na starehe ya mbele haimletei shilingi.

Aliyeiongoza kampuni kwa miaka mingi ni Osamu Suzuki, aliyeoa katika ukoo huo na kulichukua jina la ukoo wa mkewe. Alikabidhiwa urais wa kampuni mwaka 1978. Mwaka uliofuata akatoa gari la Alto kwa yen 470,000, bei iliyowashtua washindani wake. Mwaka 1982 alikubaliana na Serikali ya India, na Desemba 1983 Maruti 800 ya kwanza ikakabidhiwa kwa mnunuzi. Familia nyingi za India zilipanda gari lao wenyewe kwa mara ya kwanza kwa sababu ya makubaliano hayo. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 94. Jambo moja la wakati wake nimelibandika akilini: kiwandani walijiwekea shabaha ya kupunguza gramu moja na yen moja kwenye kila kipande cha gari. Gramu moja! Watu walikaa mezani wakibishana juu ya gramu ya skrubu, na mimi Kibaigwa nilikuwa nikibishana na wapagazi waongeze gunia la sita juu ya kichwa cha gari.

Nirudi gereji, maana somo la pili lilitoka huko, na ni la Dodoma kabisa.

Mzee alipomaliza kufungua injini alinionyesha kwamba mzigo peke yake haukuniua. Injini ile, wenyewe wanaiita K6A, ni ya aluminiamu, nyepesi, na aluminiamu haisamehi joto. Ikichemka sana, silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, oili inapoteza utelezi wake, beringi zinakwanguana. Ndiyo ile chai ya maziwa, na ndiyo ile kok kok. Akaniuliza rejeta nilikuwa naijaza maji gani.

"Ya bombani. Yakikatika, ya kisima."

Akaikata rejeta ya zamani kwa msumeno, akaifungua katikati kama anayepasua tikiti. Vile vijia vyembamba vya kupitisha maji vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe, mgumu, unaokwaruza. Nikaujua pale pale. Ni ule ule ulioko ndani ya birika langu la chai.

"Mama, maji yetu yana chumvi," akasema. "Birika unalisugua kila wiki kwa limau. Hii nani aliisugua?"

Kuanzia siku hiyo gari langu halinywi maji ya kisima. Linanywa kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na ikibidi kuongeza njiani tuna dumu la maji safi nyuma ya kiti. Mpira wa maji ukianza kuvimba au kupasuka nyufa unabadilishwa kabla haujatuaibisha. Na kwa kuwa rejeta iko mbele na injini iko chini ya viti, maji yana safari ndefu kwenye mabomba, upepo hujificha humo ndani. Fundi asiyejua kuutoa upepo huo anakurudishia gari linaloonekana limejaa kumbe limejaa nusu. Mafundi wengine hutoa themostati, ile inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, na kuitupa, wakisema nchi ya joto haiihitaji. Mzee alinikataza. Bila hiyo injini haifikii joto lake la kufanyia kazi, asubuhi inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe uko pale pale kwenye ukoko.

Nimezungumza na wenye kirikuu wengi tangu hapo. Kijiwe chetu kiko kwenye mti wa mwarobaini karibu na Sabasaba, na ukitaka kusikia ukweli wa gari usimuulize muuzaji, kaa pale saa nane mchana wakati mizigo imepungua. Karibu wote wanasifu mambo yale yale: mafuta kidogo, spea zipo na bei yake si ya kutisha, linageuka kwenye uchochoro wa Chang'ombe ambapo gari kubwa linahitaji kurudi nyuma mara nne. Wanaolalamika wanalalamikia joto la kiti, hasa safari za mchana wa Oktoba. Tairi ndogo za inchi 12 zinazama kwenye mchanga wa makorongo. Upepo wa pembeni barabara kuu unalisukuma gari likiwa tupu, lori likikupita unashika usukani kwa mikono miwili na moyo. Na usalama: umekaa mbele kabisa, huna pua ndefu ya kukukinga. Hilo la mwisho silipuuzi, ndiyo maana gari langu halisafiri usiku.

Ubishi mkubwa uko kwenye swali la uimara. Muuza maji mmoja anasema Suzuki za zamani zilikuwa ngumu, hizi za sasa ni karatasi. Huwa nampinga. Yeye hubeba mapipa matatu ya lita 200, yaani kilo 600 kabla ya kuhesabu mapipa yenyewe, safari nane kwa siku, halafu anaiita karatasi. Dada mmoja anayesambaza mikate, mzigo wake mwepesi, gari lake ni la umri ule ule na langu na halijawahi kufunguliwa injini. Ametembea nalo Kikuyu, Kisasa, Nkuhungu, kila alfajiri, mwaka wa tisa huu. Ukiyasimamisha magari hayo mawili pamoja huwezi kuamini yametoka kiwanda kimoja. Kwangu mimi huo ni ushahidi unaotosha.

Tofauti ya injini nayo ichunguzwe kabla ya kununua. Zilizotangulia, zenye injini ya F6A, zinatumia mkanda wa taimingi ambao ni lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Za baadaye kama yangu, zenye K6A, zinatumia cheni. Wauzaji wengine watakwambia cheni haihitaji chochote maisha yote. Cheni inalishwa na oili. Ukichelewesha kumwaga oili inalegea na kuanza kulia asubuhi unapowasha. Mwanafunzi wa dereva wangu aliwahi kununua moja iliyokuwa ikilia hivyo, akaambiwa ni sauti ya kawaida ya kirikuu. Haikuwa ya kawaida.

Shemeji yangu ana Escudo, ndugu mkubwa wa ukoo huo huo, lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1988 na ambalo nchi nyingine wanaliita Vitara. Analipenda kama mtoto. Analipeleka Kondoa hadi mashambani ambako magari yenye jina kubwa zaidi yanalazwa barabarani. Tukikutana tunabishana kuhusu mafuta, kwa sababu lake linakunywa na yeye hakubali.

Kwenye mafuta nina msimamo. Mei 2016 Suzuki walikiri hadharani kwamba kwa miaka walikuwa wakipima ulaji wa mafuta wa magari yao ya Japani kwa njia zisizofuata kanuni, na magari yaliyohusika yalikuwa zaidi ya milioni mbili. Osamu Suzuki aliachia cheo cha mtendaji mkuu mwaka huo. Nilihuzunika niliposoma, kama unavyohuzunika kusikia habari mbaya ya mtu uliyemheshimu, na sitaificha kwa kuwa nawasifu kwa mengine. Nilijifunza kupima mwenyewe. Nina daftari. Tunajaza tangi, tunaandika kilomita, tunajaza tena. Kwenda Hombolo na kurudi, kilomita 80 hivi, likienda tupu na kurudi na kilo 320 za zabibu, gari langu linakula lita sita, wakati mwingine na kidogo. Siku ya gunia sita kutoka Kibaigwa, kabla halijafa, lilikuwa limeshakula karibu mara mbili ya kawaida yake. Risiti ya kituo cha mafuta ninayo hadi leo ndani ya daftari hilo.

Watu huniuliza, sasa faida iko wapi ukibeba gunia tatu wakati jirani anabeba saba? Nilipiga hesabu hiyo usiku mwingi. Mahindi ya Kibaigwa nimeacha kuyafuata kwa kirikuu, nachangia nafasi kwenye lori la fuso na wenzangu wanne, kila mtu na gunia zake. Kirikuu nimeiachia kazi inayoiweza: zabibu. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa masika na tena wakati wa kiangazi, na zinataka kufika haraka, bila kulaliana. Kreti 16 za kilo 20 zinakaa vizuri, hewa inapita, tunda halipasuki. Zamani nilipokuwa narundika kreti 30, zile za chini zilifika zimechuja mvinyo wake mwenyewe, nusu nikawauzia wafugaji wa nguruwe. Sasa tunakwenda Hombolo alfajiri, tunarudi saa tatu, tunakwenda tena jioni ikibidi. Mteja ananilipa bei ya tunda zima. Kuna siku napata pungufu kuliko jirani, hasa msimu wa mahindi, na siku hizo naumia. Lakini jirani huyo amebadilisha injini mara tatu.

Dereva wangu tulibadilisha makubaliano yetu pia. Zamani alileta hesabu kila jioni, kiasi kile kile mvua inyeshe isinyeshe. Nilikuja kuona kwamba hesabu ya lazima ndiyo iliyokuwa ikimsukuma apakie kupita kiasi siku ambazo mimi sipo. Mtu anayetafuta elfu kumi ya mwisho saa kumi na moja jioni hawezi kukataa mzigo. Tukaweka mgawanyo wa kinachopatikana, na sehemu fulani inatengwa kwanza kwa ajili ya servisi kabla yeye au mimi hatujagusa. Alikuwa na haki ya kunishangaa, maana ni mimi niliyempuuza aliposema gari imelala. Sasa akisema neno hilo hakuna anayemjibu kwa habari za wenzetu.

Mwezi uliopita tuliipeleka kirikuu kupakwa rangi. Vumbi la miaka na jua la Dodoma vilikuwa vimeila, milango imekuwa kama chokaa. Kijana wa rangi alifanya kazi nzuri, akapiga msasa milango yote, yale maandishi ya duka la Kijapani yakaondoka, tukaweka mstari wa bluu pembeni. Akafika nyuma. Akashusha bodi, akaifuta kwa kitambaa, msasa ukiwa mkononi.

"Mama, na hii niifute? Nikuandikie jina la mtoto, au neno lolote zuri."

Dereva wangu alinitangulia kujibu. Alichukua gundi ya karatasi kwenye meza ya yule kijana, akakata kipande kirefu, akayafunika yale maandishi matano na namba yake kwa uangalifu, kona hadi kona, ili rangi isiyaguse.